Kwa nini Rachmaninoff anapiga koncheto yake mwenyewe haraka kuliko wote?

#1 Kijana wa Ngamiani
Habari za jioni wadau. Kuna jambo linanisumbua, na naamini humu hawakosi wanaolijua.

Nimekuwa nikisikiliza Koncheto ya Piano Na. 2 ya Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano Mrusi (koncheto ni kazi ya mpigaji mmoja na okestra). Rekodi niliyoizoea ni ya mpiga piano Sviatoslav Richter na okestra ya Warsaw, mwongozaji Stanisław Wisłocki, ya mwaka 1959. Wanaoijua wataikumbuka ilivyoanza: piano peke yake, mapigo manane mazito, la kwanza kwa sauti ndogo kabisa, kila linalofuata linapanda kidogo. Richter hana haraka hata chembe. Unakaa unasubiri pigo lijalo mpaka unajiuliza kama atalipiga. Zikija kuingia fidla zote na ule wimbo wao, umeshaiva.

Juzi nikakutana na rekodi ya Rachmaninoff mwenyewe, Philadelphia Orchestra chini ya Leopold Stokowski, 1929. Nikasema huyu ndiye mwenye mali, leo nitalia. Kumbe jamaa anapita tu! Mapigo manane yameisha sijakaa sawa. Koncheto nzima kwake ni kama dakika 31, Richter anakaribia 35. Na wengi wanaoipiga siku hizi wako upande wa Richter.

Sasa tumfuate nani? Mwenye kazi yake, au hawa waliotuzoesha?

#2 Kibwagizo
Nimekaa pale mbele kabisa. Waje wajuvi.

#3 Fundi Redio
Jibu jepesi hili. Santuri.

Mwaka 1929 hakukuwa na LP, zile santuri za muda mrefu. Kulikuwa na sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani kubwa ya inchi 12 unabeba dakika nne na ushee, basi. Koncheto moja inakatwa vipande, kila kipande upande wake. Mnapiga, taa inawaka, dakika nne zikikaribia mnasimama, sahani ya nta inabadilishwa, mnaendelea pale pale mlipoishia. Ukivuta vuta noti, unagonga ukingo wa sahani. Kila mtu enzi hizo alirekodi akiwa na saa kichwani.

Na 1929 ilikuwa nafuu. Mwaka 1924 Rachmaninoff na Stokowski walishairekodi koncheto hiyo hiyo kwa mfumo wa zamani wa pembe, maikrofoni hakuna, wapigaji wamebanana mbele ya pembe kama abiria wa Mbagala. Maikrofoni zilikuja 1925.

#4 BintiMalindi
Fundi kasema kweli, na sisi Unguja tunalijua hilo kwa mifano yetu wenyewe. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mwaka mmoja tu kabla ya hiyo ya Philadelphia. Alirekodi kwa HMV, hawa wenye alama ya mbwa anayesikiliza pembe. Kampuni ya Victor iliyomrekodi Rachmaninoff Marekani ilitumia mbwa huyo huyo.

Taarabu ya ukumbini haina dakika tatu. Beti zinarudiwa, watu wanatunza, mwimbaji akiona wamekolea anarudi tena pale pale. Kwenye santuri yote hayo yamekatwa. Mimi napiga fidla, na nikijifunza wimbo kwenye santuri zile najua ninachokisikia ni muhtasari. Wazee wetu walituambia wazi: usiupige kama ulivyo kwenye sahani, pale walikuwa wanakimbizwa.

Kwa hiyo sishangai kwa huyo Mrusi.

#5 Mwalimu wa Kwaya
BintiMalindi na Fundi, kwa heshima zote, hilo halinitoshi.

Sahani ikijaa unakata tu, unaanza nyingine. Koncheto ina sehemu nyingi za kupumulia. Kama muda ungekuwa tatizo wangeongeza sahani moja, na Victor wasingelia, wangeuza zaidi. Ya Siti ni kesi tofauti kwa sababu kila wimbo ulitakiwa uishie upande mmoja au pande mbili. Kule ni lazima ukate beti. Huku unabadilisha sahani tu, muziki unabaki vile vile.

La pili, nina karatasi za noti za koncheto hii. Sehemu ya kwanza imeandikwa Moderato, yaani mwendo wa wastani, na mtunzi ameweka mwendo wa nusu-noti 66 kwa dakika. Kaeni na metronomu ya simu msikilize. Rachmaninoff wa 1929 yuko karibu na karatasi yake kuliko Richter. Kwa hiyo swali la Kijana nadhani limekaa kichwa chini. Mtunzi anapiga alichoandika. Tuulize kwa nini wengine wanachelewa.

#6 Jirani wa Ngara
Hujambo wote, salamu kutoka Nairobi. Mbona hakuna aliyeangalia mashine yenyewe? Hizo 78 hazikuwa 78 kamili. Kuna kampuni zilirekodi kwa 76, zingine kwa 80. Anayehamisha santuri ya zamani kwenda CD au YouTube akiizungusha kwa kasi isiyo yake, muziki wote unakimbia. Pengine Rachmaninoff alipiga polepole na mashine ndiyo inatudanganya.

#7 Fundi Redio
Jirani, wazo zuri ila hesabu inalikataa. Nisikilize.

Santuri ukiizungusha haraka, mwendo na sauti vinapanda pamoja, huwezi kupandisha kimoja ukaacha kingine. Kila asilimia 6 hivi ya mwendo inapandisha sauti nusu toni. Tofauti ya dakika 31 na 35 ni kama asilimia 13, yaani zaidi kidogo ya nusu toni mbili. Koncheto hii ni ya C maina, yaani imejengwa juu ya noti ya C. Kama ingekuwa imekimbizwa na mashine kiasi hicho, ungeisikia kwenye D maina. Nimekaa na kinanda, nimegusa C, iko pale pale. Kasoro ndogo inaweza kuwepo, lakini haiwezi kula dakika nne.

#8 Kibwagizo
Fundi anapiga hesabu mpaka santuri inaomba poo 😂

Mimi nauliza la kwetu sisi wa kawaida: hiyo sehemu ya pili, ile ya taratibu, mbona nikiisikia naona Celine Dion huyu hapa?

#9 Mwalimu wa Kwaya
Uko sahihi Kibwagizo. Wimbo ule, "All by Myself", ni wa Eric Carmen, wa 1975, na Celine aliurudia miaka ya 90. Carmen alichukua wimbo wa sehemu ya pili ya koncheto hii hii. Baadaye ikabidi akubaliane na warithi wa Rachmaninoff kuhusu malipo.

Na sikiliza vizuri hapo mwanzo: piano haiimbi. Inasindikiza tu, filimbi inaanza, klarineti inapokea. Piano inakuja kuupata wimbo baadaye.

#10 Mstaafu wa Moscow
Nawasalimu vijana. Nilikuwa nasoma kimya lakini post #5 imeniamsha.

Nilisoma uhandisi Moscow miaka ya 80. Mitihani ilikuwa migumu, baridi ngumu zaidi, ila starehe moja ilikuwa rahisi hata kwa mwanafunzi: santuri za Melodiya, kampuni ya santuri ya Kisovieti. Nilirudi nyumbani na sanduku zima, mama akadhani nimeleta sahani za kulia wageni.

Kijana wa #1 anamzungumzia Richter wa Warsaw. Jua kwamba mwaka huo huo wa 1959 Richter aliirekodi pia Leningrad na Kurt Sanderling. Hiyo ninayo. Na huko pia anaanza polepole vile vile. Kwa hiyo si ukumbi wa Warsaw wala mwongozaji, ni Richter mwenyewe.

Maelezo yangu ni haya. Richter alitoka mikononi mwa Heinrich Neuhaus pale Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki, sawa na Emil Gilels. Shule ile ilipenda pumzi ndefu, wimbo unyooshwe mpaka uimbe. Rachmaninoff ni mtu wa shule ya nyuma yake, alisoma kwa Zverev, kisha kwa Siloti binamu yake, na Siloti ndiye aliyeongoza okestra koncheto hii ilipopigwa nzima mara ya kwanza mwaka 1901. Kizazi chao hakikuona haya kupita haraka mahali penye hisia. Waliamini hisia inatoka kwenye umbo la wimbo, hukai juu yake ukaikamua.

Halafu kumbukeni hali yake. Simfoni yake ya kwanza iliporomoka St. Petersburg mwaka 1897, Glazunov akiongoza, akakaa miaka hawezi kutunga kitu cha maana. Akatibiwa na Dk. Nikolai Dahl, na koncheto hii akamtunukia daktari huyo. Aliyeiandika alikuwa kijana wa miaka 27 au 28 aliyetoka shimoni. Aliyeirekodi alikuwa na miaka 56, yuko ugenini tangu 1917, anaishi kwa kupiga matamasha mji hadi mji. Hawawezi kuwa mtu mmoja.

#11 Kibwagizo
Mzee, hilo sanduku liko wapi sasa hivi? Nauliza kwa nia njema tu.

#12 Mstaafu wa Moscow
Liko chini ya kitanda, na nia yako naijua.

#13 Sauti ya Muscat
Asalaam aleykum. Huku Muscat tuna bahati, kuna nyumba ya opera tangu 2011, okestra kubwa zinapita. Nimesikia koncheto hii ukumbini na naungana na Mstaafu: ukiwa ndani ya ukumbi polepole inabeba. Nyumbani kwenye spika ndogo inachosha.

Ila kumbukeni Rachmaninoff alikuwa na haraka kila mahali. Angalieni Koncheto Na. 3. Yeye ndiye wa kwanza kuirekodi, na Eugene Ormandy, 1939 na 1940, nayo iliisha upesi.

#14 Mwalimu wa Kwaya
Wa aleykum salaam. Wa kwanza kuirekodi Na. 3 ni Vladimir Horowitz, London, mwaka 1930, na Albert Coates. Rachmaninoff alikuja karibu miaka kumi baadaye. Na inaisha upesi kwa sababu nyingine pia: ameruka vipande. Na. 2 ya 1929 haina kilichorukwa, Na. 3 inavyo. Tusizichanganye.

#15 Mstaafu wa Moscow
Hapo Mwalimu kagusa jambo. Rachmaninoff aliwahi kumwandikia rafiki yake Medtner, mwaka 1931, kuhusu Variesheni zake za Corelli, kazi ya piano ambamo wimbo mmoja unarudiwa kwa sura nyingi. Alimweleza kuwa hajawahi kuzipiga zote ukumbini. Alikuwa anasikiliza watu wakikohoa: kikohozi kikizidi, anaruka variesheni inayofuata. Kikitulia, anapiga zote kwa mpangilio.

Mtu mkubwa kiasi kile, na anaogopa kuchosha watu. Mimi naamini mwendo wa 1929 unatoka hapo hapo. Hakuwa na imani kwamba tutakaa kumsikiliza.

#16 BintiMalindi
Mstaafu hilo limenigusa. Mtu anaruka kazi yake mwenyewe kwa sababu ya kikohozi cha mgeni.

Lakini sikubali kuwa ndiyo sababu. Studio hakuna anayekohoa. Na huyo bwana wa 1929 hasikiki kama mwoga. Nimeisikiliza leo mchana mara nyingine na nimesikia kitu ambacho hakuna aliyekitaja: fidla. Wimbo wa mwanzo, zile fidla za Philadelphia zinateleza. Kutoka noti hadi noti kidole hakinyanyuki, kinaburuzwa juu ya waya, na sauti inapita kote katikati. Wote kwa pamoja! Ndivyo tunavyopiga sisi taarabu, na ndivyo tunavyokatazwa tukienda kwa walimu wa Kizungu. Rekodi za sasa wimbo huo huo umenyooshwa pasi, kila noti na mahali pake.

Wimbo unaoteleza hauhitaji polepole. Maneno yanatosha ndani ya mteremko. Ukiutoa mteremko, ndipo unalazimika kupunguza mwendo ili huzuni ipate pa kukaa. Hayo ndiyo maoni yangu kama mpiga fidla.

#17 Fundi Redio
Hii #16 sikuitarajia. Narudi kusikiliza.

#18 Jirani wa Ngara
BintiMalindi ameongea vizuri lakini mimi nalaumu LP. Ilikuja 1948, upande mmoja dakika ishirini na kitu. Watu wakaanza kukaa nyumbani, miguu juu, sehemu nzima inapita bila kuamka kugeuza sahani. Hapo ndipo polepole ikawa starehe. Tazama Van Cliburn: kijana wa miaka 23 kutoka Texas anashinda shindano la kwanza la Tchaikovsky Moscow 1958, katikati ya vita baridi, anarudi New York anapokewa kwa gwaride barabarani. Rekodi yake ya Koncheto Na. 1 ya Tchaikovsky na Kirill Kondrashin ikawa LP ya kwanza ya muziki wa namna hii kuuza nakala milioni. Mamilioni wakajifunza kusikiliza kupitia Cliburn, na Cliburn hakimbii. Na. 2 ya Rachmaninoff aliirekodi Chicago na Fritz Reiner, 1962, kwa raha zake.

#19 Sauti ya Muscat
Na Earl Wild je? Yeye ni LP, London 1965, na Jascha Horenstein, na anakwenda mbio karibu sawa na mtunzi. Byron Janis na Antal Dorati, Minneapolis 1960, naye hasinzii. LP ilikuwepo na wao walikimbia.

#20 Kibwagizo
Jirani umepigwa na Muscat kwa rekodi mbili bila majibu. Refa amalize.

#21 Jirani wa Ngara
Sijapigwa. Hao wawili si wengi, na waliouza zaidi ni wa taratibu.

#22 Mwalimu wa Kwaya
Naomba tuongeze mtu mwingine kwenye kesi: mwongozaji. Tunasema "mwendo wa Richter", "mwendo wa Rachmaninoff", lakini pale wako watu wawili.

Tarehe 6 Aprili 1962, Carnegie Hall, Glenn Gould anapiga Koncheto Na. 1 ya Brahms na New York Philharmonic. Kabla ya kuanza, Leonard Bernstein anageukia watu na kuwaambia kwamba hakubaliani na namna Gould anavyoielewa kazi hii, polepole mno, ila anaiongoza kwa sababu Gould ni msanii wa kweli na wazo lake linastahili kusikika. Akawauliza pia: kwenye koncheto bosi ni nani, mpigaji au mwongozaji? Rekodi yake ipo, hotuba na muziki.

Sasa Stokowski naye hakuwa mtu wa kuburuzwa. Aliwaacha wapiga fidla wake kila mmoja avute upinde kivyake, wasipande na kushuka pamoja, ili sauti isikatike. Huo mteremko wa BintiMalindi una mkono wake. Kwa hiyo sehemu ya tunachokiita Rachmaninoff ni Stokowski.

#23 Mstaafu wa Moscow
Lakini Rachmaninoff mbele ya mwongozaji hakuwa Gould mbele ya Bernstein. Ilikuwa koncheto yake. Na alipoipiga Na. 3 New York Januari 1910, aliyesimama mbele alikuwa Gustav Mahler, na alimsifu Mahler miaka yote kwa kufanyia mazoezi kila kipengele mpaka muda wa kuondoka ukapita na hakuna mpigaji aliyenyanyuka. Alipenda mwongozaji makini. Sidhani kama alipelekeshwa.

#24 Fundi Redio
Nimerudi, ila nimepotea njia nikaanza kuwaza: je, masikio yetu tunayaamini kiasi gani?

Kuna kisa cha Joyce Hatto, mpiga piano wa Uingereza. Uzeeni alitolewa CD zaidi ya mia, mumewe ndiye mwenye lebo. Wahakiki wakamwita hazina iliyofichika. Mwaka 2007, miezi michache baada ya kifo chake, mtu akaweka CD yake ya Liszt kwenye kompyuta, programu ikamwambia huyu ni László Simon. Wakachunguza nyingine: Koncheto Na. 2 ya Brahms alikuwa Ashkenazy na Haitink, Na. 3 ya Rachmaninoff alikuwa Yefim Bronfman na Salonen. Mume akakiri. Na baadhi ya rekodi walizibadilisha mwendo kwa kompyuta bila kugusa sauti, jambo ambalo Jirani alilitaka mwaka 1929 na halikuwezekana.

Ninachokitafuta ni hiki: mwendo ulibadilishwa, jina likabadilishwa, na watu waliobobea wakaandika kuhusu "mwendo wake wa hekima". Pengine sisi nasi tukiandikiwa Rachmaninoff juu ya kasha tunasikia haraka, tukiandikiwa Richter tunasikia busara.

#25 BintiMalindi
Fundi, dakika nne si jina juu ya kasha. Saa inaonyesha.

#26 Kijana wa Ngamiani
Asanteni sana wote, sikutegemea uzi ufike hapa.

Nimefanya kama Mwalimu alivyosema, nikakaa na rekodi ya 1929 na noti za mtandaoni. Nimeona kitu. Zile fidla zikianza wimbo, piano iko chini inasokota noti haraka haraka, nyingi mno, na mimi siku zote nilidhani ni mapambo. Kwa Richter kila noti naisikia. Kwa Rachmaninoff sizisikii moja moja, nasikia wimbi linainuka na kushuka chini ya fidla, na wimbo wa fidla unapanda juu yake. Ukipunguza mwendo wimbi linakatika, zinabaki noti. Labda ndiyo maana hakutaka polepole?

Ila mwanzo bado. Yale mapigo manane bado ni ya Richter. Sitoki hapo.

#27 Mwalimu wa Kwaya
Mapigo yenyewe ni mapana, mkono wa kushoto unavuka oktava. Wengi hawafiki, wanalazimika kuyavunja, noti ya chini kwanza kisha zilizobaki, na hilo peke yake linachelewesha. Rachmaninoff mikono yake ilikuwa mikubwa kupita kawaida.

#28 Mstaafu wa Moscow
Mikono ya Richter nayo ilikuwa mikubwa, Mwalimu. Hiyo haimhusu.

#29 Sauti ya Muscat
Sasa tukimaliza hapa twende Na. 3, kadenza, pale piano inapobaki peke yake. Rachmaninoff kapiga fupi, Horowitz fupi, Argerich Berlin 1982 fupi, Cliburn Carnegie Hall 1958 ile ndefu nzito. Mimi ni wa Cliburn. Nani mwingine?

#30 BintiMalindi
Argerich. Na usiniulize kwa nini mpaka uisikilize sehemu ya mwisho.

#31 Jirani wa Ngara
Mzee Mstaafu, hiyo ya Leningrad na Sanderling utatuwekea lini? Nataka kuipima mwendo na ya Warsaw, dakika kwa dakika, halafu nirudi kwa Muscat na Earl Wild wake.

#32 Mstaafu wa Moscow
Sindano ya mashine imekufa. Nikipata nyingine Kariakoo nitawawekea.

#33 Fundi Redio
Mzee nitumie aina ya mashine faragha, sindano ninazo. Na usiisafishe santuri kwa spiriti kabla hatujaongea.